Wifi Alipoyasusa Maji

Tuelewane mapema: sina ugomvi na kubana maji. Mimi mwenyewe nikiona bomba linatiririka bure natamani kumzaba mtu kofi. Nchi hii tuliyohamia haikujaliwa mvua, mabwawa yake yanaonyesha matope kila kiangazi, na umeme nao wanaupata kwa taabu. Wenyeji wanaoga haraka, wanafua mashine ikijaa, wanazima taa wakitoka chumbani hata kama wanarudi sasa hivi. Tuliyakuta hayo, tukayashika. Ninachogombana nacho ni mtu kuhesabiwa maji na yule aliyekuwa anamchotea. Hapo hatuelewani, na simwogopi mtu kusema.

Ninamsema wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Mama yao alifariki mume wangu akiwa bado anang'oka meno ya utoto, na huyu dada, naye msichana tu wa kuruka kamba, akageuka mama. Kwao maji yalikuwa ya kufuata mbali. Alfajiri dada anakwenda, anarudi na ndoo kichwani, anayapasha moto, anaonja kwa kiwiko. Ndoo ilikuwa hiyo hiyo moja kwa wote wawili. Anaoga nusu, anatoka, anamwita mdogo wake: "Haya, ingia. Yako hayo, bado ya moto." Mtoto anaoga nusu iliyobaki, anakwenda shule akinukia sabuni.

Haya yote alinisimulia mume wangu mwenyewe siku za kunichumbia. Akaapa mbele yangu kwamba siku dada yake atakapoingia nyumbani kwake, maji hatayabeba tena wala kuyaomba. Nikampendea hapo hapo. Nikajiambia, mwanamume anayemkumbuka dada yake hivi hawezi kumsahau mke. Msichana akipenda, jamani, akili zinakwenda likizo.

Wifi akafiwa na mume. Mashemeji zake wakamtoa kwenye nyumba machozi hayajakauka, wakambakizia begi la nguo. Tukamleta huku. Kwa hiyo mjue tangu sasa: hakuwa na pengine pa kurudi. Nyumba yetu ndiyo iliyokuwa kwao.

Siku ya kwanza alifungua bomba la jikoni akaweka kiganja chini yake, akawa anacheka peke yake.

"Wifi, hili halikatiki?"

"Halikatiki."

"Hata mchana?"

"Hata mchana, wifi."

"Makubwa haya!" Akaosha fungu moja la mboga mpaka nikadhani anaifundisha kuogelea.

Na taa. Wifi alikuwa na kawaida yake: taa ya koridoni haizimwi mpaka kila mtu wa nyumba awe amerudi. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu yangu inakwisha jua limekwisha kuzama. Nikipanda ngazi naona mwanga unachungulia chini ya mlango wetu. "Mtu arudi kwake akute giza, kwani anakuja kuiba?" ndivyo alivyokuwa akisema. Sikuwahi kumwambia jinsi ule mwanga ulivyokuwa ukinipumzisha miguu.

Sasa, jengo letu lina ubao pale mlangoni pa kuingilia. Kila nyumba ina kitaa chake: kijani maana yake mnatumia vizuri, manjano mjiangalie, nyekundu mnamwaga. Chetu kilikuwa kijani siku zote, na mume wangu alikuwa akipita pale anainamisha kichwa kidogo kama anamwamkia mkwe. Ni fundi wa mabasi, anapenda vitu viende sawa. Wifi alipokuja, kitaa kikawa cha manjano, kisha chekundu.

"Majirani hawatasema nyumba ile inamwaga maji," akaniambia. "Watasema wale wageni wanamwaga maji. Mimi hapa nimekaa miaka bila kusemwa."

Na hapo, haki ya Mungu, hakukosea. Nimewahi kuyasikia maneno hayo kwa masikio yangu kwenye ngazi. Tukakaa na wifi, tukamweleza, naye akaelewa. Msimfanye mshamba. Mboga akaanza kuosha kwenye beseni, maji ya beseni akapigia deki, mashine ya kufulia akaacha ijae mpaka mlango unafungwa kwa goti. Kitaa kikarudi manjano. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo, akashukuru.

Mume wangu hakuishia. Alitaka kijani. Akabandika karatasi za gundi kwenye swichi ili mtu afikiri kabla ya kuwasha. Wifi alikuwa amejinunulia ndoo nyekundu na kopo la kuogea, kwa sababu lile bomba la juu lilikuwa linamtia maji masikioni. Ndoo ikahamishiwa kibarazani, nyuma ya baiskeli. "Ndoo inamtia mtu hamu ya kuijaza," akasema. Kisha akaja na yai. Ni kile kisaa cha jikoni chenye umbo la yai, unakizungusha, kinalia muda ukiisha. Akakining'iniza mlangoni mwa bafu. Dakika nne.

"Hata mfungwa haogi kwa kengele," wifi akasema, akaingia kuoga akiimba. Yai likalia, yeye akaimba juu yake. Kesho yake vile vile. Mimi jikoni nacheka mpaka nashika meza, na mume wangu ananuna kama mtoto aliyenyimwa embe.

Mpaka ikafika ile Jumapili mchana. Wifi alikuwa anaosha nywele. Yai likalia. Mume wangu akagonga mlango.

"Dada, muda!"

"Nina sabuni kichwani."

Akasubiri kidogo, akagonga tena. "Dada!"

"Nimekwambia nina sabuni!"

Akaja jikoni, akapiga magoti chini ya sinki. Nilikuwa nakata vitunguu, nikadhani ameangusha kitu. Kumbe ameshika ile koki kubwa ya nyumba nzima, na anaifunga.

Bafuni maji yakakatika. Kisha mlango ukafunguliwa, wifi akatoka na taulo, povu limemjaa mpaka masikioni, jicho moja kalifumba kwa sababu sabuni inamchoma. Maji ya povu yanamdondoka kwenye mabega. Nikaweka kisu chini. Nilikuwa nasubiri amporomoshee matusi, na angetukana ningempigia vigelegele. Akamtazama mdogo wake kwa lile jicho moja.

"Asante, mdogo wangu," akasema. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu.

Mtu wa kwetu akikutukana, yamekwisha hapo hapo, kesho mnakula pamoja. Akikushukuru kwa sauti ile, jiandae.

Kesho yake akasusa.

Mnajua watu wetu na kususa. Mtu atasusa chakula, atasusa harusi, atasusa hata kitanda. Wifi alisusa maji, na umeme akauweka juu yake. Wakati huo alikuwa ameshapata kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, na kiwanda kina mabafu ya wafanyakazi. Akawa anaoga huko. Akala huko. Simu akaichaji huko. Nguo zake akazifua huko pamoja na za kazi, msimamizi akiwa anaangalia pembeni. Maji ya kunywa anakuja nayo kwenye chupa kutoka huko huko. Asubuhi anatoka na taulo begani na ile ndoo yake nyekundu mkononi, maana aliitoa kule nyuma ya baiskeli, anapita nayo katikati ya barabara, kituo cha basi kizima kinamwona. Akirudi anaingia chumbani, hawashi taa. Nyumbani kwetu hakutumia hata tone la kunawia mikono.

Sasa sikieni balaa. Mume wangu hakuona! Huku mtu akinyamaza wanadhani ameridhika, na huyu bwana amekaa huku mpaka lugha ya kunyamaza imemtoka. Alichoona ni ubao. Kitaa kimerudi kijani. Akakipiga picha, akaja nayo mezani uso unang'aa.

"Umeona? Dada ameshazoea! Nilijua tu, ukiwa na msimamo mtu anazoea."

Kiti cha dada kiko kitupu mbele yake. Mimi nimeshika mwiko wa moto. Mungu ndiye aliyemwokoa.

Jioni hiyo nikaenda chumbani kwa wifi. Alikuwa amekaa dirishani anachana nywele kwa mwanga wa taa ya barabarani.

"Wifi, washa taa basi, utajichoma na hilo chanuo."

"Hii ya barabarani inanitosha. Haina mwenyewe."

Pembeni ya kitanda nikaliona begi lake. Limefunguliwa, nguo zimepangwa ndani.

"Unakwenda wapi?"

"Mwenzangu wa kazini ana kitanda cha ziada. Jumamosi nahamia."

"Wifi, huyo humjui hata vizuri! Utaishi na mtu baki, na ndugu yako yupo?"

"Mtu baki hajawahi kunifungia maji nikiwa na povu." Akaendelea kuchana. "Nimeshawahi kutolewa kwenye nyumba, wifi. Walinitoa nikilia, na begi langu walilirusha wao. Safari hii najitoa mwenyewe, kwa miguu yangu, na begi nimelipanga vizuri."

"Ngoja nimwambie."

"Ukimwambia, na wewe nakususa."

"Ala! Mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, ndiyo maana nakuonya. Aone mwenyewe. Nilimlea, najua ana macho."

Akiondoka vile, ilikuwa imekwisha. Namjua. Angekuwa anatuamkia barabarani vizuri tu, kwa adabu zote, na mlango wetu asingeukanyaga tena. Mume wangu angekaa na kitaa chake cha kijani bila dada. Na mimi nilishampenda yule mwanamke, nisidanganye. Kesho yake nilirudi kutoka kazini, nikapanda ngazi, chini ya mlango tena hakuna mwanga. Nikaingia nikipapasa ukuta kutafuta swichi, mkono ukagusa ile karatasi ya gundi, nikaibandua nikaisigina chini kwa kiatu. Nikazibandua zote, nyumba nzima. Mume wangu akiuliza nilikuwa nimejiandaa kumjibu. Hakuuliza.

Jumamosi asubuhi akaenda kunyoa. Kuna Kinyozi mmoja wa kwetu, ana kibanda karibu na soko, na wanaume wote wa kwetu wanakutana pale hata wasio na nywele. Mke wa Kinyozi anakunja mashuka meza moja na wifi. Yaliyotokea alinisimulia Kinyozi mwenyewe kwa simu, anacheka mpaka anakohoa.

Alikuwa amemaliza upande mmoja wa kichwa. Akazima mashine, akamwuliza kwa upole mbele ya watu: "Bwana, hivi kwako maji yamekatwa?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Maana dada yako namwona anapita na ndoo kila siku kwenda kuoga kiwandani. Nikasema labda mna shida, tuchangishane."

Wakaangua kicheko. Mmoja anayekaa kwenye jengo letu akauliza kama ni kweli ana kengele bafuni. Mwingine akampa jina pale pale, Bwana Mita, na jina hilo mpaka leo limemganda. Mume wangu akainuka kitini na kitambaa cha kinyozi shingoni, akatoka.

Nilikuwa namsaidia wifi kufunga zipu ya begi mlango ulipofunguliwa. Akaingia. Upande wa kulia umenyolewa ukang'aa, upande wa kushoto msitu, vinywele vimemjaa usoni na shingoni, kitambaa bado kinaning'inia. Siku nyingine ningecheka mpaka nizimie.

"Dada, unaniaibisha mbele za watu!"

"Mimi?" Wifi hata hakuinua sauti. "Mimi sijamwambia mtu neno. Mimi naoga tu."

"Unaogaje nje wakati nyumba ina maji?"

"Nyumba ina maji, ndiyo. Yana mwenyewe."

"Maji ya nani? Si ya kwetu sote?"

"Ya kwetu sote hayafungwi mtu akiwa na sabuni. Hayo yalikuwa yako, nimekuachia. Umepata kijani chako. Mbona hufurahi?"

Nikaona uso wake unavyobadilika. Akatazama kile kiti cha dirishani, chupa ya maji, taulo. Kisha akaliona begi. Nadhani ndipo siku zote zile zilipompitia mbele ya macho mara moja, na ile picha ya ubao aliyonionyesha mezani.

"Ulikuwa umesusa," akasema. Sauti imemtoka kama ya mtoto. "Dada. Ulikuwa umesusa muda wote huu, na mimi nakusifia."

"Ulinisifia? Hongera zangu."

Akakaa chini sakafuni, na vinywele vyake. "Nisamehe. Niliogopa kusemwa na watu baki, nikakufanyia vile wewe? Wewe? Niambie unataka nini. Yai nalivunja sasa hivi."

"Yai usiguse, wifi yangu anapikia." Wifi akajifunga kitambaa chake vizuri kichwani. "Sitaki kitu. Ukitaka nioge nyumba hii, nitengewe maji."

"Nikufungulie bomba?"

"Bomba la nini? Ndoo. Ile pale. Uyapashe sufuriani, uyachanganye, uonje kwa kiwiko, uyabebe mpaka bafuni. Halafu uniite. Hujui inavyofanywa? Ulifanyiwa mpaka ukaota ndevu."

Akainuka. Nikataka kumsaidia, wifi akanishika mkono: "Thubutu! Mwache."

Basi nikamtazama fundi wa mabasi anateleka sufuria yetu kubwa kuliko zote, jiko limewashwa mpaka mwisho, ubao chini huko upendeze au uchukie. Akachanganya. Akakunja shati, akatia kiwiko, akaongeza ya baridi, akatia tena. Akaibeba ndoo koridoni kwa mikono miwili, ikawa inamchezea, maji yanaruka.

"Unamwaga!" wifi akamfokea. "Maji hayamwagwi hovyo, nchi haina mvua hii!"

"Samahani, dada."

Akaiweka bafuni, kopo pembeni. Akaja akasimama mlangoni mwa chumba. "Dada, maji yako tayari."

Wifi akachukua taulo, akapita mbele yetu kama anakwenda kutawazwa, akajifungia. Akaoga. Aliimba ule wimbo wote, akarudia, akasita kana kwamba amesahau maneno, akaanza upya. Yai likawa mlangoni kimya, hakuna aliyelizungusha. Mume wangu alikaa koridoni mgongo ukutani, nusu kichwa kinang'aa, akawa anafuta macho kwa kile kitambaa cha Kinyozi na kujitia vinywele zaidi.

Mlango ukafunguliwa. Wifi akatoka, mvuke unamfuata, mafuta yanang'aa usoni. Ndani, ndoo imebaki nusu.

"Haya, ingia," akamwambia. "Yako hayo, bado ya moto. Kichwa utamaliziwa na Kinyozi, mimi simo."

Mume wangu alimwangalia dada yake, akaangalia ile ndoo. Alivua shati hapo hapo koridoni, akaingia, akafunga mlango. Tukasikia kopo likigonga ndoo.

Nilidhani yamekwisha. Wifi akasimama pale pale na taulo lake, akaniangalia, akanyoosha mkono akalizungusha yai. Tukasubiri, mimi nimejiziba mdomo. Likalia. Akaugonga mlango kwa ngumi mpaka bawaba zikatikisika.

"Wewe! Muda!"

"Dada!" sauti ikatoka ndani, "bado nina sabuni kichwani!"

"Hata mimi nilikuwa nayo," wifi akasema.

Akawasha taa ya koridoni, jua lingali linawaka nje, akaniambia niende nikamsaidie kutoa nguo kwenye begi.